Kondoo Asiyetakiwa Mezani

Mnaonisoma tangu mwanzo mnajua jinsi moto ulivyokula kibanda changu sokoni, na jinsi mdomo wangu ulivyonikosanisha na ndugu wa marehemu mume wangu. Aliyenikuta leo atosheke na haya: naitwa Cong Suyun, mjane wa miaka arobaini na minne, naishi Rongcheng na mama mkwe wangu. Kazi yangu ni kufinyanga wanyama kwa unga wa ngano na kuwaivisha kwa mvuke, watu wacheke na kushiba kwenye karamu za sikukuu.

Kalunguyeye wa unga ndio walionitoa. Nilijirekodi kwa simu nikiwakata miiba mgongoni kwa ncha ya mkasi, macho nikiwawekea maharagwe mekundu, na video ikapendwa na watu nisiowajua. Wiki iliyopita niliishia pale gari jeusi liliposimama mlangoni kwetu, siku kumi kabla ya Mwaka Mpya, akashuka mwanamke aliyevaa koti refu jeupe.

Leo nasema alichotaka. Na nasema nilichofanya mimi, jambo ambalo hata kaburi la mume wangu sijaliambia.

"Wewe ndiye Dada Cong wa kalunguyeye?"

"Ndiye mimi. Pita ndani, baridi hiyo."

"Sikai. Naitwa Luan Peiling, mke wa Yu Shoucheng."

Yu wa mwani! Pwani yetu nzima, ukiona mwani umeanikwa, basi ujue ni wake au utakuwa wake.

"Binti yetu kaolewa vuli hii," akasema. "Siku ya tatu ya Mwaka Mpya, siku mabinti wanaporudi kwao, ndiyo mara yake ya kwanza kuja na mume. Mkwe wetu ni mtu wa mjini, anatuona sisi wanuka samaki. Nataka meza ya kuchekesha. Acheke mpaka ashikwe na kwikwi."

"Umefika," nikamwambia. "Nitakupangia wanyama kumi na wawili wa miaka yetu, kila mwaka na mnyama wake, duara moja. Nguruwe amelala chali, nyani amemshika jogoo mkia. Kalunguyeye wamebeba kunazi mgongoni. Na vijiti vya matunda ya shira nitavichomeka kama msitu."

"Wanyama kumi na mmoja."

Nikacheka, nikadhani ulimi umemteleza.

"Kondoo usifanye," akasema.

"Dada, duara litakuwa na pengo."

"Liache liwe na pengo."

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi juu ya kitanda chetu cha udongo chenye moto chini, akimenya karanga. Akauliza taratibu, "Kwa nini, mwanangu? Kondoo kawakosea nini?"

Luan Peiling akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Palikuwa na mtu wa mwaka wa kondoo nyumbani kwetu. Alikufa. Hatumtaji."

Akaondoka.

Mama mkwe akasukuma bakuli la karanga pembeni. "Usiende, Suyun."

"Mama, kazi kama hii haiji mara mbili."

"Mwaka ukishageuka, mkate mpya hauwekwi motoni mpaka siku ya kumi na tano. Wewe unajua. Sasa huyu anataka upike siku ya tatu. Tena anataka uache pengo mezani. Pengo ni kiti, mwanangu. Kiti kikiwa kitupu, kuna atakayekikalia."

"Mama nawe! Huo ni unga tu."

"Unga una masikio," akasema, akalivuta tena bakuli lake la karanga.

Nikaenda.

*

Siku mbili kabla ya mwaka kwisha nilikwenda kwa kina Yu kuangalia jiko lao kama litabeba vikapu vyangu vya mvuke. Jiko lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu. Dirishani, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mama mzazi wa Bwana Yu. Wote walimwita Bibi Yu. Kiharusi kilimpiga miaka miwili nyuma, kikamwachia mkono wa kushoto na sauti moja tu: "Mm."

"Mama alikuwa bingwa wa mikate ya sikukuu enzi zake," Luan Peiling alisema, akimfunika magoti kwa shali. "Sasa anapenda kutazama tu. Usimjali."

Nikakanda kidonge cha unga cha kujaribia hamira yao. Bibi Yu hakuondoa macho kwenye mikono yangu. Nilipofinyanga sungura akatikisa kichwa, nikajua nimekosea masikio. Nikarekebisha. "Mm," akasema. Tukaanza kuelewana hivyo, kama mwalimu na mwanafunzi.

Simu ikamwita Luan Peiling barazani.

Hapo Bibi Yu akajisogeza mpaka mezani, akanyoosha kidole cha mkono wake mzima, akaandika kwenye unga uliomwagika. Neno moja.

Kondoo.

"Bibi, wamenikataza," nikanong'ona.

Akanishika kiganja. Alikuwa na nguvu nisizotarajia. Akakiongoza kidole changu: chukua unga, uviringishe mwembamba kama kamba, uukunje. Watu wote wa huku pembe za kondoo tunazikunja kuelekea nje. Yeye alizikunja kuelekea ndani, na katikati ya kila pembe akazika kunazi moja, ili mkate ukiumuka ile nyekundu ichungulie.

Mkono wake mmoja na wangu miwili, tukamaliza kondoo mdogo kama yai.

Machozi yalimtoka Bibi Yu jicho moja tu, lile la upande mzima.

Viatu vikasikika. Nikamfumbata yule kondoo ndani ya ngumi. Luan Peiling akaingia, akatazama unga, akaona lile neno. Akalipangusa kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayefuta makombo, kisha akamgeuza Bibi Yu akaangalia ukuta.

"Amechoka," akasema.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nimemshika yule kondoo mfukoni. Alipopata joto la mkono akaanza kuumuka.

*

Mtasema nilimwonea huruma mama wa watu. Natamani ingekuwa hivyo tu.

Huruma ilikuwepo. Lakini siku ya tatu alfajiri, nilipopanga wanyama wangu kwenye meza ya jikoni kwa kina Yu kabla ya kuwatia mvuke, nikatazama lile pengo kati ya farasi na nyani, likaniudhi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Joka nililipiga magamba kwa kitana. Chui-milia nilimtia mistari ya ufuta mweusi, akatoa ulimi wa malenge. Na katikati ya uzuri wote huo, pengo kama jino lililong'oka.

Nikasema moyoni, watu wengi hivi, nani atahesabu?

Nikafinyanga kondoo. Pembe ndani, kunazi katikati, kama nilivyofundishwa. Nikamweka kikapu cha chini kabisa.

Wakati wa mvuke kwetu hatusemi maneno mabaya jikoni. Hatusemi "kwisha," hatusemi "kuvunjika." Mkate ukipasuka tunasema umecheka, na tunashangilia. Nilipofunua vikapu wanyama wote walikuwa wazima, wamenona, wanang'aa.

Kondoo peke yake alikuwa amecheka. Amecheka shingoni, toka sikio hadi sikio, na ndani ya ule ufa unga ulikuwa bado mbichi.

Ningeweza kumtupa. Jalala lilikuwa hapo, hatua mbili.

Badala yake nikamweka kwenye lile pengo, ufa ukaelekea ndani ya duara, nikampiga video pamoja na wenzake, nikairusha mtandaoni kabla wageni hawajavua viatu.

*

"Lo, huyu nguruwe kafanana nami!" Mkwe wa mjini alikuwa wa kwanza kupasua kicheko. Kijana mrefu wa miwani, hana baya. "Tazameni tumbo! Nani kampa picha yangu?"

"Tumbo hilo utalipata mwakani," mkewe akamjibu. "Kwetu hapa hatuachi mtu mwembamba."

Wakacheka wote. Hata Bwana Yu, mtu mzito wa maneno, alitabasamu. Mimi nilisimama mlangoni na aproni yangu, nimevimba kwa sifa. Watoto wa majirani wakang'oa matunda ya shira kwenye vijiti, wakamkimbiza nyani wa unga mezani. Luan Peiling akanitupia jicho la kuridhika.

"Mama Mkwe," yule kijana akasema akiperuzi simu yake, "mnajua meza yenu imeshakuwa maarufu? Hii hapa. Watu elfu kumi na saba wameitazama asubuhi hii! Wanauliza kwa nini kondoo ndiye mzuri kuliko wote."

Kicheko kikakatika upande mmoja wa meza, kikaendelea kidogo upande wa pili, kisha nacho kikafa.

"Kondoo gani?" akauliza Bwana Yu.

Kabla mtu hajajibu, mkono wa kushoto wa Bibi Yu ulikuwa tayari umevuka meza. Ukapita nyoka, ukapita farasi. Ukamchukua kondoo, ukambana kifuani.

"Mm," akasema. "Mm. Mm."

Bwana Yu akasimama. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko mikate yangu.

"Nani katengeneza kondoo?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo ninapoungama. Macho yote yalinigeukia. Ningesema, "Ni mimi." Neno fupi. Lakini niliona kibanda changu kilichoungua, nikaona mama mkwe wangu na karanga zake, nikaona jina langu likichafuka siku ileile lilipong'aa.

"Ni Bibi mwenyewe," nikasema. "Nilimkuta kashamfinyanga. Nikaona haya kumnyang'anya mtu mzima."

Bibi Yu akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anavyotazama mlango unaofungwa.

Luan Peiling akakisukuma kile kiti mpaka chumba cha mwisho. Nikasikia ufunguo ukizunguka.

"Kuleni," Bwana Yu akawaambia wageni. "Mikate inapoa."

Wakala. Hakuna aliyegusa pengo lile.

*

Nilirudi jikoni kukusanya vikapu vyangu. Ndipo simu ikalia kwenye aproni. Ujumbe kutoka kwa mtu mwenye picha ya jangwa.

"Dada, samahani. Pembe za huyo kondoo umefundishwa na nani?"

Ukaja wa pili.

"Mtu mmoja tu duniani anazikunja kuelekea ndani na kuficha kunazi. Alinitengenezea mimi kila Mwaka Mpya, kwa sababu nilizaliwa mwaka wa kondoo. Ni mama yangu. Aliaga dunia miaka kumi na miwili iliyopita. Tafadhali niambie alimfundisha nani mwingine."

Chini yake akaandika jina: Yu Hanmei.

Nikaketi juu ya gunia la unga. Aliyekufa alikuwa akiniandikia.

Vidole vyangu vilijibu kabla ya akili: "Nani alikuambia mama yako amekufa?"

"Kaka yangu. Nilikuwa mbali, magharibi kabisa, nimeolewa na mtu wasiyemtaka. Alinitumia picha ya mashada ya maua. Akasema nisikanyage msibani."

Nikasoma mara tatu. Huku binti amekufa, hatajwi. Kule mama amekufa, amezikwa. Na mtu aliyewaua wote wawili kwa mdomo alikuwa sebuleni, anamkatia mkwewe nyama.

Nikaandika: "Mama yako yu hai. Nimemwona leo. Yuko nyumbani kwake."

Nukta zile za mtu anayeandika zikatokea, zikapotea, zikatokea tena. Halafu zikapotea kabisa.

Dirishani nikaona gari jeusi likirudishwa nyuma mpaka mlango wa uani. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka, mchana kweupe. Bwana Yu akatoka amembeba mama yake mikononi kama mtoto mchanga. Luan Peiling nyuma yake na mfuko wa nguo na dawa.

Wageni bado walikuwa mezani, wanapiga soga. Hakuna aliyejua.

Nilitoka bila koti.

"Bwana Yu! Mnampeleka wapi Bibi?"

"Kapumzike, Dada Cong. Kazi yako ilikuwa nzuri."

"Si yeye!" nikapiga kelele. "Kondoo nilimfinyanga mimi. Nimekudanganya. Msimwadhibu kwa kosa langu."

Akamweka mama yake kiti cha nyuma, akamfunga mkanda, akafunga shali vizuri shingoni mwake. Ndipo akanigeukia.

"Unadhani sikujua? Mama ana mkono mmoja. Pembe zile zinataka miwili. Nilijua tangu nilipomwona yule kondoo mkononi mwake."

"Mbona basi..."

"Nilitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani. Mtu anayeweza kumsingizia bibi asiyesema, huyo anaweza pia kunyamaza." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Lete simu. Futa video ile, kisha usahau njia ya hapa. Bado hujamjibu mtu yeyote, sivyo?"

Uso wangu ulimjibu.

"Umemjibu nani?" Sauti yake ilishuka. "Dada Cong. Umemjibu nani?"

Na simu ikalia mkononi mwangu. Picha ya jangwa ikawaka kwenye kioo.

Nilimtazama Bibi Yu ndani ya gari. Alikuwa bado amemkumbatia yule kondoo, ufa wa shingo umeachama, kunazi moja imetoka. Nikajiambia, Suyun, umeshakuwa mwoga mara moja leo.

Nikabonyeza. Nikaweka spika.

"Mama?" ilisema sauti ya mwanamke, inakatika kwa kilio. "Dada, nipe mama yangu. Mama, upo hapo?"

Bwana Yu akaupiga mkono wangu. Simu ikaruka, ikaangukia kwenye theluji, chini ya mlango wa gari uliokuwa wazi. Sauti haikukatika.

"Mama, ni Hanmei! Nakuja! Nakata tiketi leo hii hii, mama, nakuja nyumbani!"

Bwana Yu akainua kiatu juu ya simu.

Hapo Bibi Yu akaegemea mbele mpaka mkanda ukambana. Midomo yake iliyopinda ikatetemeka, ikatafuta, na mwanamke ambaye miaka miwili hakuwa na neno hata moja akasema mawili. Aliyasema polepole, wala haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya mwenye nyumba.

"Hanmei. Usije."

Simu ikanyamaza. Hata kilio kikakoma.

Na Bwana Yu akaushusha mguu wake taratibu, pembeni ya simu, kama mtoto aliyekanywa.

Sikuelewa. Niligeuka kumtafuta Luan Peiling, nikamkuta amesimama karibu yangu sana, theluji inamdondokea kwenye nywele, machozi yanamtoka.

"Ulidhani ni sisi tuliomkataza Hanmei asirudi?" akaninong'oneza.